Ngoma ya Kumrudisha Mlimani

Kiangazi kilichopita, ng'ombe wa tambarare walipoanza kukonda, malori yalikuwa yakipita hapa Same kila siku yakiwa yamesheheni mabua ya mpunga kutoka Ndungu. Moja liliharibika mbele ya duka langu la pembejeo, dereva akaenda kutafuta fundi. Manyunyu yakapita, mepesi tu, hayakutosha hata kulaza vumbi, lakini yaliyalowesha yale mabua. Harufu yake ikaingia mpaka dukani. Nilikuwa nikimpimia mteja dawa ya kupe, nikasahau nilipofikia, nikaanza kupima upya. Mteja akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nimenusa mabua yaliyolowa, nikajikuta nina miaka minane, nimesimama kwenye jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa, na kofia ya majani imenifunika macho?

Mimi si mzaliwa wa Ndungu. Nilizaliwa Mhezi, kule juu, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi na mtoto hulala na sweta. Baba alifariki nikiwa darasa la kwanza. Miezi michache baadaye mama alifunga nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti, akanishusha tambarare kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alikuwa na majaruba mawili kwenye skimu ya umwagiliaji. Mama hakulala. Alikunywa chai akiwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuulizia kazi, kisha akanishika kidevu.

"Utakaa na shangazi mpaka mavuno," akasema. "Mavuno yakiisha nitakuja kukuchukua."

Nililishika neno hilo kama mtoto anavyoshika hela ya dukani, nikiogopa kulidondosha. Tatizo ni kwamba kwetu mlimani mavuno yalikuwa na mwisho unaouona kwa macho. Mahindi yanapandishwa darini, maharage yanapurwa, basi, watu wanapumzika. Ndungu haikuwa hivyo. Maji yalikuwa ya mfereji, hayakungoja mvua. Huyu anavuna, jirani yake anapandikiza miche, wa tatu anaamia ndege. Nilimuuliza shangazi mavuno ni lini.

"Mavuno gani?"

"Yale aliyosema mama."

Shangazi alikuwa akipepeta mchele. "Yakifika utayaona," akasema.

Yakafika. Majaruba ya shangazi yakavunwa, mpunga ukapurwa juu ya turubai, magunia yakashonwa. Mimi nikavaa sweta langu katika lile joto la Ndungu, ili mama akinijia anikute tayari, nikakaa kwenye kizingiti siku baada ya siku. Nadhani zilifika wiki mbili. Shangazi alipita mbele yangu na ndoo, akarudi na ndoo, hakuniambia nivue sweta. Hakuja mtu.

Mtoto hafikirii kwamba mama yake amesema uongo. Nilichofikiri mimi ni kwamba mavuno hayakuisha sawasawa. Kulikuwa na kitu kilichopaswa kufanywa mwishoni na watu wa Ndungu hawakukijua, au walikisahau, na mama kule juu alikuwa bado anasubiri asikie kimefanyika.

Shuleni waliniita Mtu wa Baridi, kwa ajili ya sweta, na kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa na Kipare kingi cha mlimani. Wao pia walikuwa Wapare wengi wao, lakini walizaliwa chini, wakijua kuogelea mferejini na kuendesha baiskeli za baba zao kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo. Mimi sikujua chochote cha huko. Wakati wa mapumziko nilikaa upande wa nyuma wa darasa, nikitazama milima. Mhezi haionekani kutoka Ndungu. Ipo nyuma ya ukuta ule wa mawe na misitu. Jua nalo huko huzama mapema, kwa sababu milima hulimeza kabla ya wakati wake, na kila jioni niliona kana kwamba limekwenda kwetu na kuniacha.

Kwenye kiwanja cha shangazi kulikuwa na nyumba ya pili, ndogo, ya bati jipya, ambayo ilipangishwa kwa mzee mmoja Mjapani. Watoto walimwita Mchina, naye kila mara alisimama na kuwaambia kwa upole, "Mimi si Mchina," kisha akaendelea na safari. Watu wazima walimwita Mzee Tadao. Alikuwa amestaafu kwao, akaja kujitolea, kuwaonyesha wakulima namna ya kusawazisha jaruba na kupanda kwa mstari. Shangazi alimpikia na kumfulia. Mzee alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na magoti yake yalikuwa mabovu. Alipoinuka kutoka kwenye kigoda alishika paja kwa mikono miwili kama mtu anayemsaidia mtu mwingine.

Siku ya kwanza aliponiona aliinama akasema, "Shikamoo." Alikuwa akimpa kila mtu shikamoo, mkubwa kwa mdogo, kwa adabu tu. Mimi nikachanganyikiwa, nikaitikia, "Marahaba." Shangazi akanifinya mkono hadi machozi yakanilenga. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimkwepa.

Ndipo siku moja, baada ya yale mavuno yaliyopita bure, nikatoka shule nikamkuta nyuma ya nyumba yake, peke yake, akitembea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Aliburuta miguu, polepole, bila kuinyanyua, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Nikakimbilia jikoni.

"Shangazi, mzee anaumwa miguu."

Shangazi alichungulia dirishani akiwa na mwiko mkononi. Akatazama kidogo. "Haumwi," akasema. "Anacheza."

Sikuamini. Kucheza ninakokujua mimi kulikuwa kwa kwaya, kwa kuruka na kugeuka na vumbi. Nikarudi, nikasimama mbali kidogo.

"Unatafuta nini, babu?"

"Sitafuti," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno safi, lakini lilikuja moja moja. "Ninakumbuka. Nikiacha, nitasahau."

Hakunieleza yote siku hiyo. Ilikuwa kidogo kidogo, akiwa anaosha viatu vyake vya mpira au anakunywa uji, mimi nikiwa nimekaa hatua kadhaa kutoka kwake. Kijiji chao kilikuwa mlimani kama chetu, na mpunga wao ulilimwa kwenye ngazi za udongo kutoka juu hadi bondeni. Wazee wao waliamini kwamba baridi inapopungua, yupo mmoja anayeshuka kutoka mlimani kuja kuusaidia mpunga. Hana jina. Anakaa majarubani miezi yote, kwenye maji, pamoja na vyura. Mpunga ukivunwa, kazi yake imeisha, amechoka, anataka kurudi kwao mlimani. Lakini hawezi kuondoka hivi hivi. Lazima achezewe.

"Asipochezewa?" nikauliza.

Mzee Tadao akafikiri. "Anabaki tambarare," akasema. "Baridi inakuja, yeye hana nyumba. Anasubiri."

Kumbe ndicho kilichokosekana. Nilimsikiliza mzee akieleza dini ya babu zake, na mimi nikasikia habari zangu. Nani alikuwa ameshuka kutoka mlimani? Nani alikaa tambarare anasubiri? Mavuno yalipita na hakuna aliyecheza, ndiyo maana mama hakuja. Ilikuwa wazi kabisa, nikashangaa tu kwamba shangazi, mtu mzima, hakuijua.

"Nani anacheza?" nikauliza.

"Mzee mmoja na mtoto mmoja. Mzee yupo." Akajigusa kifuani. "Mtoto hayupo. Kijijini kwetu hakuna watoto. Shule imefungwa. Wa mwisho kucheza ni binti yangu, sasa ni mtu mzima, yuko mjini. Wazee tuliojua tulikuwa watano, tumebaki wawili, na mwenzangu haamki kitandani. Mimi nilikuwa yule mtoto, zamani. Ninajua sehemu ya mtoto. Lakini mwili huu haushuki tena." Akayapiga magoti yake. "Nikipata mtoto, nitapiga picha ya video. Siku moja wakizaliwa watoto, wataona."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watoto wote wa Japani walikuwa wamekufa. Nilimhurumia. Lakini sikusema kwa huruma niliposema, "Nitacheza mimi." Nilisema kwa ajili yangu.

Jioni ile alikuja kwa shangazi, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti kwenye mkeka licha ya maumivu yake, akaomba ruhusa. Shangazi alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa kanisa hasa, wa Kilutheri, hakuwa mtu wa kudanganywa na adabu.

"Hayo ni matambiko?" akauliza.

"Ni shukrani."

"Shukrani kwa nani?"

"Kwa aliyekuja kusaidia," mzee akasema.

Shangazi akanitazama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kanga yake bila kujua. "Haya," akasema. "Mtachezea hapa uani, mchana, mbele ya macho yangu. Na Jumapili hapana."

Basi kila siku nikitoka shule tulifanya mazoezi. Alichota majivu jikoni, akayatandaza uani, nikapita juu yake, kisha yeye akainama kuangalia nyayo zangu. Alitaka kuona mistari miwili isiyokatika, kama imepita mikokoteni. Nikiinua mguu, palibaki pengo, akasema, "Tena." Mguu wa mtu aliye kwenye tope hauruki, alisema, unaomba njia. Mkono wa kulia ulishika mafungu ya masuke, wa kushoto ulibaki wazi, kiganja juu, kama unapima kama mvua imeanza. Kisha kulikuwa na kuzunguka mara tatu, polepole sana, huku uso ukitazama chini. Mzee alikaa kwenye kigoda, akapiga ndoo iliyopinduliwa kwa mwiko wa shangazi na kuimba kwa sauti ya chini, wimbo mrefu usio na kiitikio. Sikuelewa neno hata moja, na shangazi aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni alijifanya hasikii.

Hakunisifu hata siku moja. Alisema "Tena," au hakusema kitu, na kutosema kitu ndiko kulikuwa kuzuri. Watoto wa jirani walichungulia uani wakaniigiza, wakiburuta ndala zao na kucheka. Ajabu, haikuniuma. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa naondoka; wao ndio watakaobaki.

Alasiri moja nilizunguka zile mara tatu bila kosa, na nilipoinua uso nikaona mzee amenipa mgongo. Nikadhani nimeharibu. Nikaenda kwa shangazi.

"Amekasirika?"

"Analia," shangazi akasema, bila kuacha kumenya. "Mwache."

"Kwa nini?"

"Mtu akikaa mbali na kwao hulia. Wewe hulii?"

Nililia, lakini nilidhani hakuna aliyejua.

Nikitazama nyuma sasa, naona jinsi tulivyokuwa watu wawili tuliokaa pamoja kila siku na kila mmoja akiwa peke yake. Yeye alimtazama mtoto akicheza na kuona kijiji chake kabla hakijabaki kitupu. Mimi nilimtazama yeye na kuona barabara ya kwetu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mpunga wa pili ukaiva. Shangazi na wanawake watatu walivuna siku mbili, na siku ya tatu jaruba la mwisho likabaki na mabua tu, yaliyolowa kidogo kwa sababu maji yalikuwa yamefunguliwa jirani usiku. Mzee alikuwa amenisukia kofia kwa majani ya mpunga, pana, iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu kwenye tuta. Hakujua kwamba alfajiri, kabla shangazi hajaamka kuwasha moto, nilikuwa nimeupeleka mfuko wangu wa salfeti barabarani na kuuficha chini ya daraja la mfereji. Ndani niliweka sare ya shule, sweta, sahani yangu ya bati, na mahindi mawili ya kuchoma ya kumpa mama.

Tukacheza. Yeye alikuwa mwenye shamba, na sehemu yake ilikuwa ya kusimama na kuinama tu, huku akipiga ndoo na kuimba. Mimi nilikuwa yule aliyeshuka. Wanawake walikaa kwenye tuta na miundu yao miguuni, mmoja akacheka mwanzoni, kisha akaacha. Sijawahi kufanya kitu kwa moyo wangu wote kama nilivyocheza siku ile. Miguu yangu haikuinuka hata mara moja. Nilisikia ndoo, nilisikia pumzi za mzee, na chini ya ukingo wa kofia niliona mabua tu, yakipita.

Mwisho wa ngoma, yule aliyeshuka anawapa mgongo watu na kwenda kuelekea mlimani, bila kugeuka. Mzee alikuwa amenifundisha: nitakwenda mpaka atakaposema basi. Nikaenda. Nikavuka tuta la kwanza.

"Basi," akasema nyuma yangu.

Nikavuka la pili.

"Basi. Mjukuu, basi."

Nilimsikia vizuri sana. Nikavuka mfereji kwenye ubao, nikafika barabarani, nikautoa mfuko wangu chini ya daraja, nikautundika begani, nikaendelea kutembea. Kofia sikuivua. Nilikwenda mpaka pale barabara ya kupanda inapoanza, nikakaa juu ya jiwe, nikaweka mfuko magotini, nikamsubiri mama.

Walinikuta jua likiwa limegusa milima. Shangazi alifika kwanza, akihema, ameshika fimbo aliyoichuma njiani. Mzee alikuja nyuma yake akichechemea, suruali imelowa tope mpaka kwenye mapaja. Alikuwa ameanguka mferejini.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Kwetu. Mavuno yameisha."

"Nani kakwambia?"

"Nimecheza," nikasema. "Nimecheza bila kukosea. Mama sasa anakuja."

Shangazi akaitazama ile fimbo kama hajui imefikaje mkononi mwake. Mzee hakuwa ameelewa, akamuuliza, naye shangazi akamweleza taratibu, neno kwa neno: kwamba mtoto alifikiri ni yeye anayerudishwa mlimani. Nilimwona akielewa. Aliketi chini, palepale kwenye vumbi, akaweka viganja vyake viwili ardhini, akainamisha kichwa. "Nimekosea," akasema. "Nimekosea sana."

Shangazi akakaa upande wangu kwenye jiwe. Hakuwa mtu wa kushikashika watoto, wala hakunishika. "Mama yako ameolewa kule Vudee," akasema. "Ana mimba. Huyo mume hataki mtoto wa mtu mwingine. Nilijua tangu wiki ile aliyokuleta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hulali, huli. Nikasema, ale kwanza. Halafu ukaanza kula, nikaogopa kukuharibia."

Nikauliza kama mavuno yajayo atakuja. Shangazi akasema hajui. Ulikuwa ukweli wa kwanza niliopewa Ndungu, na sikumshukuru.

Ningependa kuandika kwamba baada ya siku ile nilimwelewa yule mzee. Sikumwelewa. Sikuweza kumkasirikia mama, alikuwa mbali na nilimtaka mno, nikamkasirikia yeye. Mzee aliangalia video yake akaona kwamba upepo umeharibu sauti, na kwamba katikati ya ile mizunguko mvunaji mmoja alipita mbele ya kamera. Alikuja mlangoni akaniomba turudie, mara moja tu, hata pale uani. Nikasema sitaki. Kesho yake akauliza tena, nikaingia ndani. Hakuuliza mara ya tatu. Lakini kila alasiri, saa ileile ya mazoezi, alikaa kwenye kigoda akapiga ndoo polepole na kuimba, hakuniita, na mimi nilikaa kitandani kwa shangazi nikiwa nimeziba masikio. Nilijua kwamba ni mimi peke yangu niliyeweza kumpa alichokitaka. Hilo ndilo lililonifurahisha. Mtu wa umri wa miaka minane anaweza kuwa na furaha ya aina hiyo, mbaya na baridi, na kuibeba maisha yake yote.

Muda wake uliisha kabla ya mpunga mwingine kuiva. Siku gari lilipokuja kumchukua nilijifungia chooni. Nikasikia akiagana na shangazi, kisha hatua zake zikaja, zikasimama nje ya mlango wa mabati. "Pole na kazi," akasema. Hiyo ndiyo salamu aliyopenda kuwapa wakulima jioni. Nilingoja mpaka gari likaondoka, na nilipotoka vumbi lake lilikuwa bado halijatua.

Mama alikuja mwaka uliofuata, na mtoto mgongoni. Alilala usiku mmoja. Nilimpa shikamoo kama mgeni, nikamtandikia, asubuhi nikamchotea maji ya kuoga. Alilia alipokuwa akivaa viatu, nikamwangalia. Sikwenda naye na hakuniomba twende. Nilikulia Ndungu, nikajifunza kuogelea na kuendesha baiskeli, nikasoma, nikaja kufungua duka hapa Same. Shangazi sasa ni mzee, nimemchukua, tunaishi wote.

Baada ya lile lori la mabua, nilifungua simu ya shangazi na kutafuta ujumbe ambao nilikuwa nimeusoma siku kumi kabla na kuuacha bila jibu. Ulitoka kwa binti wa Mzee Tadao, aliyeipata namba kwenye daftari la baba yake. Kiswahili chake kilikuwa cha mashine, lakini kilieleweka. Baba yake alifariki majira ya baridi. Familia mbili zenye watoto zimehamia kijijini kutoka mjini, na watu wanataka kuirudisha ngoma. Wanayo ile video. Sauti hakuna, na kwenye mizunguko kuna mama mmoja amepita mbele. Yeye mwenyewe alicheza akiwa mdogo sana, hakumbuki. Je, yule msichana bado yupo? Je, anakumbuka?

Nilimsomea shangazi. Alikuwa amelala kwenye kiti, nikadhani hasikii.

"Unakumbuka?" akauliza akiwa amefumba macho.

"Miguu inakumbuka, nadhani. Wimbo sijui. Niliziba masikio."

Shangazi akasafisha koo, na kwa ile sauti yake ya kwaya ambayo sasa imekwaruza akauimba. Aliimba wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa maneno ya watu ambayo hakuwahi kuyaelewa. Mimi nilibaki nimesimama na simu mkononi.

"Ulikuwa unamenya ndizi," nikasema.

"Masikio hayamenyi ndizi."

Tulifanya mazoezi kwa wiki moja, nikifunga duka mapema. Magoti yangu si ya mtoto, na ua wetu ni wa saruji, mguu hauburutiki vizuri, nikamwaga mchanga. Siku ya kupiga video niliegemeza simu kwenye tofali. Shangazi aliimba akiwa ndani, hakutaka kuonekana, alisema watu wa kanisa watauliza. Nilizunguka mara tatu, nikajikuta nimeshindwa kuendelea, nikalia, nikafuta, nikaanza tena. Video ya nne ndiyo tuliyoituma. Chini yake nilimwandikia binti yule kwamba baba yake aliniomba nirudie na nilikataa, na kwamba sikutoka kumuaga. Niliandika hivyo tu.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Hakusema kitu kuhusu kukataa kwangu. Alituma picha ya ubao mrefu wa mti mweusi, uliotundikwa kwenye ghala la kijiji, umeandikwa kwa wino safu baada ya safu. Ni majina ya watoto waliocheza, alieleza, tangu enzi za babu wa babu yake. Mahali fulani katikati lipo la baba yake. Karibu na mwisho lipo lake yeye. Baada yake kuna jina moja zaidi, ambalo baba yake aliliandika wiki ile aliyorudi kutoka Tanzania. Wazee wenzake walipouliza ni la nani, alisema ni la mtoto aliyecheza mwaka ule.

Binti yule alikuwa amechora mshale mwekundu kulionyesha. Nikalikuza kwenye kioo cha simu mpaka likajaa. Alama tano, wino wake bado mweusi kuliko wa mengine yote. Shangazi akaomba aone, akaisogeza simu mbali na macho yake, akaisogeza karibu.

"Linasomekaje?" akauliza.

Nikamwambia sijui, ila ni langu.